Mtoto wa Shituru akivaa uniforme ya ofisie, anarudi na nini?

Wazazi wengi wa Likasi wanajiuliza kama chuo cha maofisie ni njia ya kupata kazi ao ni njia ya kupoteza mtoto. Tumeangalia wale waliopita mu ile njia, kuanzia 1960, hapa kwetu na kwa majirani, ili tuone iliwafikisha wapi.

Kila mwaka, matokeo ya examen d'État yakitoka, Shituru inajaa poudre. Vijana wanapita mu barabara vichwa vyeupe, mama zao wanaimba, majirani wanatoka mu lupango kuangalia. Kisha wiki mbili ao tatu poudre imeoshwa, na swali linaingia nyumbani: sasa huyu mtoto ende wapi?

Zamani jibu lilikuwa fupi. Usine ya Shituru ilianza kazi mwaka 1929, na kwa miaka mingi mtoto wa mfanyakazi alijua kwamba akimaliza masomo, baba atamwonyesha mlango wa kuingilia. Union Minière, na kisha Gécamines, ilitoa masomo, hospitali, nyumba na posho. Lakini mwaka 2003, wakati wa operesheni ya départs volontaires, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini. Tangu ile siku, baba wengi hawana tena mlango wa kuonyesha. Mtoto anaweza kwenda université Lubumbashi kama minerval iko. Anaweza kuingia kwa sous-traitant na mkataba wa miezi michache. Anaweza kushuka mu shimo pamoja na ba creuseurs. Ao anaweza kwenda jeshini.

Ile njia ya mwisho inazungumzwa sana tangu 3 Novemba 2022, siku Rais Félix Tshisekedi alipohutubia taifa na kuita vijana wajiandikishe mu jeshi kwa ajili ya vita vya Mashariki. Kuna wanaokwenda kuwa basoda wa kawaida. Lakini kijana mwenye diplome anaangalia juu zaidi: anafikiri Kananga, ku Académie militaire, atoke na galon begani.

Ba papa na ba mama wanatuuliza kama ni vizuri. Kuamua mahali pa mzazi hatuwezi. Lakini kitu kimoja tumekiona mu historia, na njo tunachotaka kukionyesha hapa: galon ni mali ya jeshi, linaweza kukupa leo na kukunyang'anya kesho. Kile ulichojifunza, kichwani na mikononi, njo chako. Wale ambao chuo cha jeshi kiliwafaa maisha yote ni wale waliotoka na kitu cha pili, zaidi ya galon.

Jenerali aliyetoka Jadotville

Tuanzie hapa nyumbani, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville.

Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, jeshi la nchi, lile la Force Publique, lilikuwa na askari karibu 25,000. Maofisie walikuwa karibu 1,000, na wote walikuwa Wabelgiji. Mcongomani aliweza kutumika miaka makumi, akapanda mpaka cheo cha sarjenti ao adjudant, pale njia ikakatika. Wakoloni walifungua shule za kutengeneza makarani, wauguzi, mafundi wa usine na mapadri. Shule ya kutengeneza ofisie mweusi wa kuongoza bataliani hawakuitaka.

Siku tano kisha uhuru, Jenerali Janssens aliwakusanya askari wa Léopoldville, akaandika ku ubao kwamba mbele ya uhuru na kisha uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi. Ili kuzima ule moto, serikali ya Lumumba ikaamua kuweka wakubwa Wacongomani kwa haraka. Walimtafuta wapi mkubwa wa jeshi zima? Walimtafuta hapa kwetu. Victor Lundula alikuwa bourgmestre Jadotville. Wakati wa vita ya pili ya dunia alitumika mu Force Publique, upande wa wauguzi, lakini ofisie hakuwa amepata kuwa. Tarehe 8 Julai 1960 akawa jenerali na mkubwa wa jeshi lote.

Siku tatu tu kisha, 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Basi jenerali alikuwa anaongoza jeshi la nchi, na mji wake mwenyewe uko upande mwingine wa mpaka. Septemba ya mwaka ule ule, Lumumba alipoondoshwa, Lundula naye akapoteza kiti chake. Alifika Stanleyville, akaongoza askari wa serikali ya Gizenga.

Hatumsemi vibaya. Alipewa mzigo ambao hakuna mtu aliyemfundisha kuubeba. Lakini kazi yake inaonyesha jambo moja: kama hakuna chuo, cheo kinatoka mu mkono wa siasa, na ule mkono uliokitoa njo unakirudisha. Chuo cha maofisie kina faida hii ya kwanza: kinampa mtu sababu ya cheo chake ambayo anaweza kuionyesha mbele ya kila mtu.

Sarjenti aliyejifunza kuandika

Mu ile wiki ya Julai 1960, aliyewekwa chini ya Lundula, na cheo cha koloneli, alikuwa Joseph-Désiré Mobutu. Yeye naye ofisie hakuwa. Alifika sarjenti meja tu. Lakini yeye alikuwa amepita mu chuo cha jeshi, ku École centrale ya Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga.

Pale walimfundisha nini? Hawakumfundisha kuongoza vita. Walimfundisha kazi ya karani: kupiga mashine, kushika hesabu, kuandika rapport vizuri. Wengi wangedharau ile kazi. Lakini mwaka 1956 alipotoka jeshini, ile kalamu njo ilimpa mkate: akawa mwandishi wa gazeti Léopoldville. Kwa njia ya gazeti akajuana na wanasiasa, akafika mpaka karibu na Lumumba. Na siku serikali ilipotafuta mtu anayejua jeshi na anayejua pia kusoma na kuandika ma dossier, watu wa namna ile walikuwa wachache sana. Yeye alikuwa mmoja wao.

Nchi ilivyokwenda kisha pale, kila lupango ya Shituru inaijua, hatuna haja ya kuirudilia. Tunaangalia hapa njia tu. Galon lake la sarjenti aliliacha jeshini mwaka 1956. Mashine ya kuandika alitoka nayo.

Wanafunzi waliovishwa uniforme kwa nguvu

Sasa tufike ku habari ambayo vijana wengi hawaijui, na wazee wanaikumbuka kwa maumivu.

Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Kinshasa waliandamana. Walikuwa wanaomba bourse iongezwe, na walitaka kuwa na sauti mu mambo ya université. Askari wakafyatua risasi, na vijana wengi wakafa. Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium, ile université ya Wakatoliki juu ya kilima cha Kinshasa, walitaka kuwakumbuka wenzao. Mobutu akafunga université na kuingiza wanafunzi wote jeshini, kwa miaka miwili. Wote, na wasichana pia.

Walipelekwa mu makambi kufundishwa usoda. Kisha wakarudishwa ku masomo, lakini sasa wakiwa chini ya sheria ya jeshi: mwanafunzi wa udaktari, wa sheria, wa mambo ya uchumi, anakaa darasani ni soda. Agosti ya mwaka ule ule serikali ikaunganisha université zote kuwa moja, UNAZA, yenye kampasi tatu: Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi. Masomo ya letre na ya mambo ya jamii yakaletwa Lubumbashi, kwetu Katanga.

Mtu aliyekuwa na miaka 20 wakati ule, leo amepita 70. Wengi wao hawakubaki jeshini. Walikuwa waganga, walimu, wanasheria, maingénieur, wakubwa wa ofisi. Je, ule usoda uliwajenga ao uliwavunja?

Sisi tunaona mambo mawili. La kwanza, kilichowaokoa ni kwamba masomo hayakukatika. Miaka miwili ilipita, uniforme ikavuliwa, diplome ikabaki. Mtu akawa mganga kwa sababu alisoma uganga. La pili ni zito zaidi. Nchi ilichukua kizazi kizima cha watu waliotazamiwa kuiongoza, ikawafundisha kwamba mwenye kuuliza swali anaweza kuvishwa buti kesho asubuhi. Mtu aliyejifunza kunyamaza akiwa na miaka 20 hawezi kusahau kwa haraka akipewa kiti cha mkurugenzi akiwa na miaka 40. Mu ma usine na mu ma ofisi za wakati wa Zaïre tulijua wakubwa wa namna ile: wenye akili, wenye masomo, lakini agizo la toka juu likifika, hakuna anayeuliza maana yake. Hatusemi wote walitoka mu ile promotion. Tunasema ile promotion ilifundishwa somo lile kwa ukali kuliko nyingine.

Galon ikapimwa kwa jimbo

Kuna na mwaka 1978. Machi ya mwaka ule, kisha kesi ya mashtaka ya kutaka kupindua serikali, maofisie kadhaa waliuawa, na wengine wengi wakafukuzwa jeshini. Walikuwamo watu waliosoma mu vyuo vikubwa vya kigeni. Tangu pale, jimbo alikotoka mtu likaanza kuhesabiwa kuliko pointi zake za chuo, na watu wa Shaba, njo kusema watu wa Katanga, walionja ile dawa.

Tunaikumbusha kwa sababu Katiba ya 18 Februari 2006 iliandika jibu la ile historia. Article 188 inasema jeshi ni la jamhuri, haliingii mu siasa. Article 189 inasema kuandikisha askari na kutoa vyeo vya kuongoza kunapaswa kuangalia nguvu ya mwili, masomo ya kutosha, mwenendo mzuri, na majimbo yote yapate sehemu yao kwa haki. Mtoto wa Shituru akienda Kananga leo, haombi huruma ya mtu. Ile nafasi imeandikwa mu Katiba kwa ajili yake kama kwa ajili ya mtoto wa Équateur ao wa Kivu.

Kwa majirani na mbali zaidi

Tanzania kuna chuo cha maofisie kule Monduli, karibu na Arusha. Mmoja aliyepita pale ni Jakaya Kikwete. Alimaliza kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mu masomo ya uchumi, mwaka 1975. Kisha akapata mafunzo ya ofisie, na miaka ya 1984 mpaka 1986 akarudi Monduli kufundisha siasa, kwa sababu wakati ule chama kilikuwa kimoja, na jeshi na chama vilitembea pamoja. Mwaka 1992 Tanzania ilipofungua mlango kwa vyama vingi, sheria ikamwambia achague. Hakuweza kuwa mwanajeshi na mwanachama kwa mara moja. Akaacha jeshi akiwa na cheo cha luteni kanali, akabaki mu siasa, na kuanzia 2005 mpaka 2015 akawa rais. Siku alipovua uniforme hakubaki mikono mitupu: alikuwa na diplome ya uchumi tangu mbele ya galon.

Marekani wao wana njia ambayo sisi hatuna. Kuanzia sheria ya 1916, mwanafunzi anaweza kusoma somo lake ku université, na kandokando anafundishwa uofisie. Akimaliza, anapata diplome na galon pamoja. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji wa Jamaica, alipita pale. Alisoma jeolojia mu City College ya New York, mambo ya mawe, kama watoto wetu wanavyosoma Lubumbashi. Yeye mwenyewe alikubali kwamba pointi zake hazikuwa kubwa, lakini mu mafunzo ya jeshi alipata mahali pake. Alitoka 1958, akapanda mpaka kuwa mkubwa wa majeshi yote ya Marekani, 1989 mpaka 1993, na kisha waziri wa mambo ya inje.

Njia nzuri, lakini ina miiba yake. Februari 2003, akiwa waziri, Powell alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kutetea vita vya Iraq, na habari za silaha alizotoa zilionekana kisha kuwa si za kweli. Chuo cha jeshi kinafundisha mtu kusimama wima nyuma ya mkubwa wake. Hakimfundishi kila mara wakati wa kukataa.

Tofauti na kazi ya usine

Ku usine, mtu akichoka na kazi anatoa préavis, anapewa hesabu yake, anakwenda. Ana syndicat ya kumsemea. Siku ya uchaguzi anapiga kura kama kila mtu. Baba aliyefanya kazi Gécamines amezoea hivyo, na anafikiri mtoto jeshini atakuwa vile vile.

Si vile. Ofisie yuko chini ya sheria ya 15 Januari 2013 inayosema maisha ya mwanajeshi, na akikosa anapelekwa mbele ya tribunal ya jeshi, kwa sheria za Novemba 2002. Akiacha kazi bila ruhusa, haitwi mtu aliyeacha kazi. Anaitwa déserteur, na hiyo ni kosa la gereza. Hana syndicat. Hapigi kura, na kama anataka kugombea lazima kwanza atoke jeshini. Mahali pa kazi hachagui yeye: leo Kamina, kesho Ituri, na mke na watoto wanafuata ao wanabaki.

Lakini kuna na mazuri, tusiyafiche. Ofisie mdogo, mu miaka yake ya kwanza, anapewa watu makumi ya kuongoza. Anajifunza kuhesabu chakula, mafuta na risasi. Anajifunza kusoma karte, kuandika rapport ambayo mkubwa ataielewa bila kuuliza mara mbili, kusimama mbele ya watu wazima kuliko yeye na kuwapa kazi. Chef d'équipe yeyote wa mgodi atakuambia kwamba ile ya mwisho njo ngumu kuliko zote. Tena jeshi lina waganga wake, maingénieur wake, mafundi wa radio na wa magari, na mahakimu wake waliosoma sheria. Mtu wa namna ile, siku akistaafu, anaweza kufanya kazi popote: ku hospitali, ku topographie, ku garage, ku usalama wa kazini. Yule aliyejifunza bunduki tu, mara nyingi tunamkuta ku geti ya kampuni, analinda ma camion usiku kwa mshahara mdogo. Wote wawili walivaa galon.

Maswali ya kuuliza mbele ya kusaini

Kwa hiyo, ba papa na ba mama, kama mtoto ameamua, msipoteze nguvu kumkataza kwa kelele. Mkalisheni chini, mumwulize haya.

Anakwenda kujifunza kazi gani ndani ya jeshi? Kama jibu ni "usoda" tu, atafute tena. Uganga, génie, mawasiliano, logistique, sheria: kila moja ina mlango wa pili inje ya kambi.

Karatasi atakayopewa, inatambuliwa na Enseignement supérieur ao inatambuliwa na jeshi peke yake? Aulize mbele, kwa maandishi, asingoje mpaka atoke.

Je, anaweza kumaliza université kwanza? Kwetu mtoto kwa kawaida anachagua moja, masomo ya université ao jeshi. Lakini kuna wanaomaliza licence na kisha wanajiandikisha. Miaka mitatu ao minne ya kungoja ni mirefu kama minerval haiko, tunajua. Lakini Kikwete alikuwa na diplome ya uchumi siku alipovua uniforme, na wale wa Lovanium walibaki na zao.

Na huyo mtu anayekuja ku lupango kusema ana ndugu Kinshasa, kwamba akipewa franga atamweka mtoto ku liste ya Kananga, nani alimtuma? Msimpe kitu. Mtoto anayeingia chuoni kwa franga anaanza kazi yake na deni, na deni la namna ile linalipwa na askari watakaokuwa chini yake.

Mwisho, jambo dogo ambalo wengi wanalisahau mu haraka ya kufunga sanduku. Ile diplome d'État yenyewe, ya kweli, isiende Kananga. Pigeni copie, mkazihakikishe ku commune, mtoto aende na copie. Ya kweli ibaki Shituru, mu plastiki, mahali pakavu, kwa mama. Kama jeshi litamfikisha mbali, atairudilia siku moja akiwa na furaha. Kama halikumfaa, ataikuta palepale alipoiacha.